Ngoma Isiyosikiwa: Questlove na Uziwi wa Uhakiki wa Fasihi

Mhakiki wa fasihi akikabidhiwa wimbo, jambo la kwanza alitendalo ni kuunyamazisha. Huyanukuu maneno, huyapanga katika mishororo na beti, huyapigia mstari yale yenye taswira au jazanda, kisha huanza kazi yake kana kwamba kilichoko mezani pake ndicho kilichosikiwa na watu. Ngoma, ikibahatika kutajwa, hutajwa katika aya ya mwisho ya sehemu ya fani, pamoja na mavazi ya mwimbaji. Mazoea haya yameota mizizi hata hayaonekani tena kuwa mazoea. Huchukuliwa kuwa ndiyo uhakiki wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba ni kosa, tena si kosa dogo la kusahau, bali ni kosa la kumkana mtunzi mbele ya kazi yake mwenyewe. Hakuna mahali ambapo kosa hilo hudhihirika waziwazi kama katika muziki wa kufoka wa Wamarekani weusi, na hakuna maisha yanayolifichua vyema zaidi ya maisha ya mpiga ngoma na mtayarishaji Ahmir Khalib Thompson, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Questlove.

Thompson alizaliwa Philadelphia tarehe 20 Januari 1971. Baba yake, Lee Andrews, alikuwa kiongozi wa kikundi cha waimbaji cha Lee Andrews & the Hearts kilichovuma mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtoto alikulia nyuma ya majukwaa, na kabla hajabaleghe alikuwa akipiga ngoma katika maonyesho ya baba yake. Katika shule ya upili ya sanaa mjini humo alikutana na Tariq Trotter, ambaye baadaye alijiita Black Thought, na kuanzia mwaka 1987 wawili hao waliunda kilichokuja kuwa kikundi cha The Roots. Inafaa mwanzo huo ukumbukwe vizuri. Hapakuwa na kikundi. Palikuwa na vijana wawili barabarani, mmoja akipiga, mwenzake akifoka. Nusu ya kazi ilikuwa kauli na nusu ilikuwa ngoma. Wahakiki walipofika, waliichukua nusu moja wakaenda nayo maktabani. Nusu ya pili wakaiita usindikizaji.

Neno hilo, usindikizaji, ndilo chanzo cha upotofu wote. Linadai kwamba maneno yanasafiri na ngoma inayafuata nyuma ikibeba mizigo. Historia ya sanaa hii inasema kinyume. Mnamo Agosti 1973, huko Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc alikuwa akichezesha santuri katika sherehe, naye alikuwa ameng'amua kwamba wachezaji hungojea kipande kimoja tu cha wimbo: pale ambapo waimbaji wananyamaza, ala nyingine zinapisha, na mpiga ngoma anabaki peke yake. Akatumia santuri mbili ili kukirefusha kipande hicho. Kufoka kulikuja juu ya msingi huo. Kwa hiyo sanaa ambayo wahakiki huisoma kama maneno matupu ilizaliwa katika kipande cha muziki ambacho maneno yalikuwa yamekoma. Ni vigumu kupata utanzu mwingine ambao asili yake inaukanusha kwa dhahiri hivyo mkabala unaotumiwa kuuhakiki.

Kukanwa kwa mpiga ngoma si suala la nadharia peke yake. Mnamo Novemba 1969 Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, alipiga kipande cha pekee katika wimbo uitwao Funky Drummer. Kipande hicho kilikuja kunyofolewa na watayarishaji na kutiwa katika nyimbo zinazokadiriwa kupita 1,000, ukiwamo wimbo Fight the Power wa Public Enemy wa mwaka 1989. Stubblefield hakuandikishwa kuwa mtunzi wa wimbo ule, na kwa hiyo hakuwa na haki ya mrabaha katika mamia ya kazi zilizosimama juu ya mikono yake. Alifariki mwaka 2017. Sheria ya hakimiliki ilikuwa imeamua, kama wanavyoamua wahakiki, kwamba utunzi ni maneno na lahani, na kwamba anayepiga ngoma ni kibarua wa siku. Wala wasomi wasijitoe katika lawama hii kwa kusema kwamba wao si wanasheria. Dhana ya mtunzi ni dhana yao. Wao ndio walioifafanua, wakaifundisha, na hakimu akaazima.

Questlove alilijua jambo hili kwa njia ya kazi. Albamu ya kwanza ya The Roots, Organix, ilitolewa mwaka 1993. Ya pili, Do You Want More?!!!??!, ilitoka Januari 1995. Wakati huo karibu kila mtayarishaji wa hip hop alijenga nyimbo zake kwa vipande vilivyonyofolewa kutoka santuri za zamani. The Roots walipiga ala zao wenyewe, na wapo waliowashuku: muziki wa kufoka unaopigwa kwa ngoma halisi ulionekana kuwa si wa kufoka kikweli. Jibu la Questlove katika albamu ya Illadelph Halflife ya mwaka 1996 lilikuwa la ajabu. Alibana upigaji wake, akaondoa mapambo, akaitafuta sauti kavu yenye kujirudia, mpaka msikilizaji asiweze kutambua kama anasikia mtu au kipande cha santuri kilichofungwa kizunguke. Mpiga ngoma aliiga mashine iliyokuwa imewaiga wapiga ngoma. Mhakiki anayezoea kuzungumzia mwingilianomatini kwa kusaka dokezo la neno hapa na pale angepata hapa mfano mkubwa kuliko yote aliyowahi kuandika, lau angalikuwa na sikio la kuusikia.

Kisha ikaja Things Fall Apart, tarehe 23 Februari 1999. Idara za fasihi barani Afrika zimeipenda albamu hii kwa sababu moja tu, nayo ni jina lake. Kichwa cha riwaya ya Chinua Achebe juu ya jalada la wanamuziki wa Philadelphia ni zawadi kwa mwandishi wa tasnifu: sura nzima inaweza kuandikwa juu ya Achebe kumwazima Yeats na The Roots kumwazima Achebe, bila sahani kuwekwa hata mara moja kwenye mashine. Lakini wapenzi hao wa jina wameisahau riwaya yenyewe. Ngoma za mieleka humchezesha Okonkwo miguu akiwa bado nyumbani kwake. Sura ya 13 huanza kwa mlio wa ekwe, na Achebe, bwana wa maneno, huweka pale mfululizo wa silabi zisizopatikana katika kamusi yoyote ili ekwe yenyewe iutangazie ukoo kifo cha Ezeudu. Msomaji wa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, anajua kwamba habari ile haikuletwa na mjumbe. Ililetwa na ngoma, na walioisikia walielewa. Achebe aliipa ngoma nafasi ya msemaji. Mhakiki wa albamu iliyobeba jina la riwaya hiyo huipokonya nafasi hiyo hiyo, kisha hujisifu kwa kuutambua uhusiano wa kazi hizi mbili.

Katika albamu hiyo umo wimbo You Got Me, uliowapatia The Roots na Erykah Badu tuzo ya Grammy mwaka 2000. Maneno yake yanasimulia mapenzi ya mwanamuziki asafiriye na mwanamke anayebaki nyuma akisikia uvumi. Kiitikio kinamhakikishia mpenzi kwamba hana haja ya hofu. Msomaji wa maneno atahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba wimbo unahusu uaminifu ulioshinda majaribu. Atakuwa amesoma vizuri na amekosea. Kwa maana wimbo hauishii hapo. Maneno yanapoelekea kukoma, ngoma ya Questlove inaliacha pigo la utulivu iliyolishika tangu mwanzo na kuanza kukimbia, mapigo yakivunjika na kufuatana kwa kasi kama mtu aliyeambiwa asiwe na wasiwasi naye moyo wake ukakataa. Sauti inatoa ahadi na ngoma inaitia shaka. Kinaya hiki hakimo katika neno hata moja la wimbo. Kimo katika pigo tu, nalo halinukuliki. Yeyote aliyechapisha maneno ya wimbo huu kwenye karatasi na kuyaita matini amechapisha hitimisho lililo kinyume cha wimbo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na pengine ndio wenye uzito mkubwa katika kazi yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika studio ya Electric Lady mjini New York, Questlove alishiriki na D'Angelo kuirekodi Voodoo, iliyotolewa Januari 2000. Kabla ya hapo alikuwa amekutana na kazi ya James Yancey wa Detroit, yaani J Dilla, aliyekuwa akitumia mashine ya ngoma ya MPC kwa namna isiyotarajiwa. Mashine hiyo ina uwezo wa kunyoosha mapigo: mtu akigonga kitufe mapema au akichelewa kidogo, yenyewe hulisogeza pigo hadi mahali pake sahihi. Dilla aliukataa unyooshaji huo pale alipotaka, akaacha pigo moja likae sawa, jingine liwahi, jingine lichelewe. Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time cha mwaka 2022, ametetea kwa kirefu kwamba huo haukuwa uzembe bali ulikuwa wakati mpya katika muziki. Questlove, aliyekuwa ametumia miaka kujifunza kupiga sawasawa kama mashine, sasa alilazimika kujifunza kupepesuka kama mashine ya Dilla. D'Angelo alimtaka apige kama mlevi. Ametaja mwenyewe mara nyingi jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu, na jinsi alivyohofu kwamba wapiga ngoma wenzake wangemdhania hajui kazi.

Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili jambo hili halihitaji istilahi za muziki ili lieleweke. Ni kama mghani wa tarbia anayeishikilia silabi ya mwisho ya ukwapi hata utao ukaanza kwa kuchelewa, na mizani isipungue hata moja. Aliyehesabu silabi kwenye karatasi atasema mshororo huu ni sawa na ule. Aliyekuwapo anajua kwamba mshororo mmoja ulilia. Katika Voodoo sauti ya D'Angelo imepangwa juu ya sauti yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, hata maneno mengi hayasikiki bila kufuatilizwa kwa makini. Ni albamu iliyoyazamisha maneno kwa makusudi. Uhakiki wa maneno hauna la kusema juu yake isipokuwa kulalamika kwamba haisomeki, ilhali wanamuziki wa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata wameendelea kuisoma, pigo kwa pigo.

Yapo majibu ambayo watetezi wa mkabala wa kawaida hutoa. La kwanza ni kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na hivyo ngoma ni kazi ya idara ya muziki. Jibu hili lingekuwa na heshima katika chuo kingine. Mjini Nairobi, mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, nao wakaiweka fasihi simulizi katikati ya masomo mapya, si pembeni. Aliyerithi madarasa yaliyoanzishwa kwa hoja hiyo hawezi kurudi kwenye ufafanuzi wa fasihi uliofukuzwa na waraka ule ule unaompa ajira. Tena lugha yenyewe haimuungi mkono. Kwa Kiswahili, ngoma ni ala, ni uchezaji, ni shughuli nzima ya watu kukusanyika, na kwa vijana wa mijini ni wimbo wowote ule. Neno moja limekataa kugawanya kile ambacho idara mbili zimegawana.

Jibu la pili ni la werevu zaidi. Linasema kwamba wataalamu wa fasihi simulizi hawajaisahau ngoma, na ushahidi ni Ruth Finnegan, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 alitenga sura nzima kwa ajili ya lugha ya ngoma. Ni kweli. Lakini itazamwe ni ngoma ipi iliyofunguliwa mlango. Ni ile inayoiga toni za usemi, ile ambayo mapigo yake yanaweza kurudishwa kuwa maneno na kuandikwa. Ngoma ilikubaliwa kuwa fasihi kwa sharti la kuacha kuwa ngoma. Ngoma ya Questlove katika You Got Me haitafsiriki kuwa sentensi, nayo inasema.

Kwamba inasema, hata wasio wahakiki wanajua. Tangu mwaka 2009 The Roots wamekuwa wapiga muziki katika kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon. Mnamo Novemba 2011 mwanasiasa Michele Bachmann, aliyekuwa akiwania uteuzi wa chama cha Republican, alipoingia jukwaani, kikundi kilimkaribisha kwa mwanzo wa wimbo wa Fishbone ambao jina lake ni tusi kwa mwanamke. Maneno ya tusi hayakuimbwa. Waliouujua wimbo walielewa papo hapo, habari ikaenea, na kituo cha televisheni kikamwomba mgeni radhi. Ustaarabu wa tendo lile una mjadala wake, na si lazima mtu amtetee Questlove ili akubali hoja: kauli ilitolewa, ikasikiwa, ikaadhibiwa, na haikuwa na neno. Mawakili wa kituo kile walikuwa na nadharia bora ya matini kuliko vitabu vingi vya uhakiki.

Makosa haya hayakomei katika vyuo vidogo. Mwaka 2010 chapa ya Chuo Kikuu cha Yale ilitoa The Anthology of Rap, mkusanyiko mkubwa wa maneno ya wafokaji uliohaririwa na Adam Bradley na Andrew DuBois. Ukosoaji mwingi uliofuata ulihusu makosa ya kunukuu: neno hili lilisikiwa vibaya, mshororo ule umepotoshwa. Waliokosoa walidhani tatizo ni usahihi wa nakala. Bradley mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya hapo, alikuwa ameandika kitabu kinachokiri kwamba sauti ya mfokaji haina mahadhi yake bila pigo lililo chini yake. Kisha ukaja mkusanyiko ulioliacha pigo hilo nje ya jalada, kwa kuwa karatasi haina pa kuliweka. Mwaka 2018 tuzo ya Pulitzer ya muziki ilipotolewa kwa DAMN., alituzwa Kendrick Lamar peke yake. Tricia Rose alikuwa ameonya tangu 1994, katika Black Noise, kwamba teknolojia ya sauti na mdundo ndiyo kiini cha sanaa hii. Kitabu chake hunukuliwa sana, aghalabu kwa ajili ya jambo jingine.

Nchini Kenya hali ni ya aibu zaidi, kwa kuwa vielelezo viko mlangoni. Kalamashaka wa Dandora wameandikiwa kurasa nyingi tangu Tafsiri Hii ilipovuma mwishoni mwa miaka ya 1990: Sheng yao, ghadhabu yao, mtaa wao. Ni nadra kurasa hizo kusema pigo la wimbo ni la kasi gani, limetengenezwa na nani, na kwa nini mfokaji ameuanza mshororo baada ya pigo badala ya juu yake. Watayarishaji wa Ogopa na Calif, walioupa mji wa Nairobi sauti yake miaka ya 2000 ilipoanza, huonekana katika tasnifu kama wachapishaji, si kama watunzi. Lakini vijana waliouita muziki mmojawapo kapuka walichagua jina ambalo sikio lolote hulisikia kama tanakali ya mdundo wenyewe. Waliutambua utanzu kwa ngoma yake. Wanafunzi wa uzamili waliokuja baadaye kuuchambua walianza kwa kuinyamazisha.

Ajabu ni kwamba uwanja wa Kiswahili uliwahi kupigania jambo hili hili kwa silaha nyingine. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, wafuasi wa Amri Abedi walishikilia kwamba shairi lisilo na vina na mizani haliimbiki, na kwa hiyo si shairi. Wafuasi wa Kezilahabi wakajibu kwamba uhuru wa wazo ni mkubwa kuliko hesabu ya silabi. Pande zote mbili zilipigana kwa vitabu. Wale waliotetea kuimbika kwa shairi hawakumwita mwimbaji hata mmoja atoe ushahidi wa jinsi anavyozichukua mizani hizo, wapi anaziharakisha, wapi anazikawiza. Laiti wangemwita, ingejulikana mapema kwamba mizani ya karatasi na mizani ya koo ni vitu viwili, na nusu ya ugomvi ingekosa mafuta.

Mwaka 2021 Questlove alitoa filamu yake ya kwanza, Summer of Soul, kuhusu tamasha la utamaduni lililofanyika Harlem katika kiangazi cha 1969. Picha zilizopigwa na Hal Tulchin, saa zipatazo 40, zilikuwa zimekaa karibu nusu karne bila mtu kuzitaka. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar Machi 2022, na mengi yaliandikwa juu ya siasa yake, juu ya kumbukumbu iliyofukiwa, juu ya hotuba na nyuso za umati. Yote hayo yamo. Lakini katika saa zote zile 40, zenye sauti ya Mahalia Jackson na ya Nina Simone, mpiga ngoma kutoka Philadelphia alichagua kufungua kwa Stevie Wonder, kijana wa miaka 19, aliyeiacha maikrofoni na kinanda, akaketi nyuma ya seti ya ngoma, na kupiga.